Sindano Kabla ya Bismillahi

Kambi ya watoto wa madrasa yetu siku hizi hufanyika mjini Bukoba, katika ukumbi wenye vigae na feni, na chakula huletwa kwenye sahani zilizofunikwa. Ni jambo jema, nami sina la kulalamika. Watoto hulala pakavu na wazazi hupita kuwaona wakitoka sokoni. Lakini Desemba inapofika, na mvua ya asubuhi ikaanza kugonga majani ya migomba yangu hapa Nshambya, moyo wangu hauendi kwenye ukumbi ule. Unakwenda Kamachumu, kambi ilikokuwa zamani.

Kule tulikuwa tukilala katika madarasa ya shule iliyofungwa kwa likizo. Madawati tuliyasukuma ukutani, tukatandaza nyasi mbichi sakafuni, na juu ya nyasi mikeka. Chumba kizima kilinukia nyasi mpaka ukiamka alfajiri unadhani umelala shambani. Kamachumu kuna baridi, na ukungu hukaa juu ya mibuni mpaka jua lipande, kwa hiyo watoto walitawadha wakipiga kelele kama wanaochunwa ngozi. Wenye vibanja, mashamba ya migomba ya jirani, walituletea mikungu ya ndizi bila kuombwa, na si Waislamu peke yao. Mama mmoja wa Kanisa alikuwa akija na kikapu cha maharage kichwani, akikitua anasema, “Waitu, jamani, watoto ni watoto. Njaa haina dini.”

Nilifundisha mabinti kusoma Kurani kwa miaka mingi, na katika kambi kazi yangu ilikuwa kulala nao, kuwasomesha baada ya alfajiri na kuwasimamia kwenye chakula. Hilo la chakula msilione dogo. Mwalimu wangu mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mtoto hajulikani msikitini, maana msikitini kila mtu ananyamaza. Hujulikana kwenye sinia. Tulifundishwa kula upande wetu, kutochagua nyama, kutosema na tonge mdomoni. Na zaidi ya yote tulifundishwa kusubiri. Chakula kina mtu wa kukifungua. Mkubwa wa sinia akinyoosha mkono na kusema bismillahi, ndipo wadogo wafuate. Kama kuna mgeni anayetarajiwa, chakula humngoja yeye, hata kikipoa. Kwa Wahaya jambo hili ni la wote. Nenda nyumba yoyote ya Muleba, wawe wanaswali au wanakwenda misa, utamkuta mtoto amekaa mbele ya ebitoke, zile ndizi zetu za kupika, vinavyofuka moshi, mikono mapajani, anamngoja babu yake amalize kuzungumza.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, alilelewa hivyo. Alikuwa mwepesi wa kusubiri, na watu walimsifu.

Alipokuwa darasa la tano alianza kunywa maji kupita kiasi. Anakunywa, anakwenda chooni, anarudi kunywa. Akakonda mpaka sketi ya shule ikawa inamzunguka kiunoni. Tulidhani ni minyoo, kisha tukadhani ni malaria. Siku alipoanza kupumua kwa haraka na kutapika, mama yake alimbeba mgongoni, mtoto mkubwa vile, akampeleka hospitali. Huko tukaambiwa ni kisukari, kile kinachowapata watoto, na kwamba mwili wake hautengenezi tena insulini, kwa hiyo atachomwa sindano kila siku ya maisha yake.

Majirani walikuja kutupa pole na kila mmoja alikuwa na neno lake. “Mtoto na sukari wapi na wapi? Sukari ni ya wazee,” alisema mmoja. Mwingine akataka kujua ni nani tuliyegombana naye. Niliwaandalia chai, nikawashukuru kwa kuja. Sikuwa na nguvu ya kubishana, na wengi wao walikuwa na nia njema.

Mtoto mwenyewe alijifunza haraka kuliko sisi. Alijitoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo, akasoma namba, akajichoma tumboni bila kukunja uso. Aliyebadilika alikuwa mama yake. Binti yangu alikuwa mchangamfu, mcheshi wa sokoni. Sasa akawa mlinzi. Mtoto hakuruhusiwa kulala kwa shangazi, hakuruhusiwa kwenda ziwani na wenzake, hata kwangu alilala kwa masharti. Mwaka mzima ulipita hivyo. Desemba ilipokaribia mtoto akaniambia kitu kimoja tu anachokitaka. Alitaka aende kambini, akae mpaka mwisho kama wenzake wote.

Nilimkuta binti yangu uani akipepeta mchele.

“Mama, usiniambie,” alisema kabla sijakaa. “Najua umetumwa.”

“Nimetumwa, ndiyo. Mjumbe hauawi.”

“Kule hakuna umeme wa uhakika. Hakuna friji. Hospitali iko mbali. Na watoto wanashinda wanakimbia.”

“Nitakuwepo.”

“Wewe Mama ukishaanza kusomesha, nyumba ingeungua usingejua.”

Nilicheka kwa sababu ilikuwa kweli kidogo. Kisha nikamwambia nilichoamini, kwamba mtoto huyu atakuwa mkubwa, ataolewa, atasafiri, na hatuwezi kumfungia mpaka siku hiyo halafu tukamfungulia ghafla. Afadhali aanze kujifunza kuwa mbali na mama yake akiwa karibu na bibi yake. Aliupepeta mchele mpaka pumba zikaisha. Mwishoni akasema, “Akianguka hata mara moja, namfuata.”

Tulijiandaa kwa makini. Muuguzi wa kliniki alitufundisha mambo ya kambi: mtoto akikimbia sana sukari inashuka, kwa hiyo apime kabla ya michezo; asitembee peke yake; awe na kitu kitamu mfukoni wakati wote; na wenzake waambiwe dalili, asiwafiche kwa aibu. Kwa ajili ya insulini alituelekeza tutumie vyungu viwili, kidogo ndani ya kikubwa, na katikati mchanga uliolowa maji. Chungu kile tulikiweka kwenye kona ya darasa penye kivuli, tukakifunika kitambaa kibichi. Wasichana walikiita friji ya Bibi Mwalimu. Kila asubuhi walishindana nani atamwagia mchanga maji.

Sinia ndilo lililotupa kazi. Nyumbani mtoto alijua sahani yake: ndizi kadhaa, maharage kiasi fulani, na dozi yake ikalingana nayo. Kwenye sinia watoto sita wanakula pamoja, na kwetu ukimpenda mwenzako unamsogezea tonge upande wake. Siku ya kwanza wenzake, kwa kumwonea huruma, walimsogezea mpaka upande wake ukawa mlima. Akawaambia, “Mnanipenda au mnanichomesha sindano?” Tangu hapo tukamkatia upande wake kwa jani la mgomba, na ndizi zake zikahesabiwa kabla ya mikono kuingia. Aliyevuka jani aliimbiwa, “Mpaka! Mpaka! Umeingia Uganda!”

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri, Alhamdulillahi. Aliteremka na wenzake kwenye chemchemi kuteka maji. Alisoma. Alicheza mdako. Jioni senene, wale panzi wa kuliwa, waliporuka, aliwakimbiza kwenye majani akiwa na chupa kama wengine, na baada ya kupima aliruhusiwa kuwakimbiza tena. Nilimwona akicheka kwa namna ambayo nilikuwa nimeanza kuisahau. Binti yangu alipiga simu asubuhi na jioni, nami nilimjibu kweli tupu.

Kisha ikaja siku ya mgeni. Kila kambi tulikuwa tukimwalika mtu mzima mmoja aje azungumze na watoto, ale nao, awaombee dua. Mwaka ule tulimwalika mzee anayesomesha watoto wa wavuvi kisiwani Goziba. Alikuwa mvuvi ujanani, na mikono yake ilikuwa na makovu ya kamba za nyavu. Goziba hakuna njia ila mashua, na kutoka mwaloni, mashua zinapoegesha, bado kulikuwa na safari ya gari mpaka kwetu. Ustadhi aliyeongoza kambi, kijana mwenye bidii na woga kidogo, alishinda na simu sikioni.

Adhuhuri ikapita. Ustadhi akatangaza, “Mgeni ameshafika Muleba mjini! Tandikeni!”

Wapishi wakaepua. Masinia yakajazwa ebitoke na maharage na samaki, yakafunikwa majani ya mgomba, yakapangwa mkekani. Watoto wakakaa. Nyumbani mjukuu wangu alikuwa akijichoma karibu nusu saa kabla ya kula, na chakula cha mama yake hakikuwahi kuchelewa. Basi alipoona sinia limewekwa, alipima, akajichoma, akakaa upande wake wa jani. Nilimwona, na wote tuliomwona tuliona ni sawa. Chakula si hiki hapa?

Lakini kutoka Muleba mjini mpaka kwetu kuna nyumba za watu. Mgeni wetu alikuwa na rafiki yake wa zamani njiani, naye alikuwa amefariki karibuni. Angepitaje mlango wa mjane bila kuingia? Akaingia kutoa pole. Na mjane angemwachaje aondoke mikono mitupu? Akaletewa akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna tunazompa kila mgeni wa heshima, akatafuna, wakamkumbuka marehemu. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja alifanya lile alilofundishwa na wazazi wake.

Kwetu watoto waliimba kaswida kupitisha muda. Mjukuu wangu alikuwa na sauti nzuri na alikuwa akiongoza kiitikio. Mimi nilikuwa mlangoni na Ustadhi, tunatazama barabara. Nakumbuka nilisikia kiitikio kikiongozwa na sauti nyingine, nikadhani wanapokezana.

Gari likafika. Ikawa kusalimiana, na salamu zetu si za kukimbia: habari za Goziba, habari za ziwa, habari za waliolala na walioamka. Mzee akanawa, akakaa. Ustadhi akamwomba aanze kwa dua. Mzee akainua mikono, na watoto wote wakainua yao.

Dua ilikuwa katikati niliposikia sauti ya msichana ikipasua darasa: “Bibi Mwalimu! Anaanguka huyu!”

Alikuwa rafiki wa mjukuu wangu, wa sinia moja naye, binti wa Kamachumu. Watu waligeuka kumkemea. Msichana mmoja mkubwa akamwambia, “Shh! Huna haya? Dua hiyo!” Naye akajibu kwa sauti ileile, “Dua itangoja, huyu hangoji! Mtazameni jasho!”

Nilifika pale sijui nilipitaje kati ya masinia. Mjukuu wangu alikuwa ameegemea bega la rafiki yake, uso umelowa, mikono inatetemeka, macho yananitazama kama yanayotafuta jina langu. Nilimpigapiga shavu. “Unanisikia? Unaweza kumeza?” Akatikisa kichwa kukubali, taratibu. Nilishukuru, maana muuguzi alitukataza kumpa mtu chochote mdomoni akiwa hawezi kumeza.

“Kitu kitamu!” nilisema. “Haraka!”

Karibu na mgeni kulikuwa na mtungi wa omuramba, yale maji matamu ya ndizi mbivu tunayoyakamua kabla hayajawa pombe. Mpishi alikuwa ameukumbatia, anasitasita.

“Huu ni wa mgeni,” alisema. “Hajauonja bado.”

“Mgeni ni mimi!” Mzee wa Goziba alikuwa ameshasimama. “Mpe mtoto!”

“Ni wa leo au wa jana?” Ustadhi akauliza, uso umempauka. “Usije ukawa umeshachacha, tukamnywesha mtoto pombe kambini!”

Mzee akachota kwa kikombe, akaonja, akapiga ulimi. “Huu ni mtamu kama maziwa ya mama. Ungekuwa umechacha mngeniona nikitema. Shika, mjukuu wangu, kunywa kidogo kidogo.”

Alikunywa. Rafiki yake alimshikia kikombe. Tulipima, sukari ilikuwa chini sana. Tukangoja, tukampa tena, tukapima tena, namba ikaanza kupanda. Rangi ilimrudia usoni kama taa ya chemli unayoipandisha utambi. Ndipo akala ndizi zake, na mimi nilikaa nimeshika mguu wake kama ningeuachia ungekwenda.

Watoto wengine wote walikuwa bado mikono mapajani. Hakuna aliyegusa chakula. Mzee akawatazama, akasema, “Na nyinyi kuleni basi! Nani kawaambia mimi nina njaa? Asubuhi nimekula sangara mzima!”

Tulipomaliza kula, mjukuu wangu alikuwa amekaa anaongea, na Ustadhi alinivuta pembeni penye mzee.

“Mama, namrudisha nyumbani,” alisema. Sauti yake haikuwa ya ukali. “Nikimrudisha kwa mama yake akiwa mzima, nitakuwa nimefanya kazi yangu. Nikimrudisha vingine, nitasema nini?”

Alikuwa kijana mwenye watoto wa watu mikononi, na nilimwelewa. Nilikuwa nimeshampigia binti yangu, kwa sababu nilimwahidi kweli. Hakunifokea. Alisema tu, “Nakuja kesho kumchukua,” simu ikakatika.

Mtoto alikuwa nyuma yetu, amesikia.

“Nimekosa nini?” aliuliza.

“Hujakosa, mwanangu,” Ustadhi akamwambia. “Ni kwa usalama wako.”

“Mlinifundisha kusubiri. Nimesubiri. Sasa nafukuzwa kwa kusubiri?”

Hakulia. Ingekuwa rahisi zaidi kwetu kama angelia. Mzee wa Goziba akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

“Bibi yako ananiambia huwa una kitu kitamu mfukoni.”

Mtoto akatoa pipi mfukoni, zilikuwa kamili katika karatasi zake.

“Ulijua unashuka?”

“Nilijua. Mikono ilianza kutetemeka tukiwa tunaimba.”

“Kwa nini hukula?”

Akatutazama kama watu wasiojua jambo la wazi. “Mgeni hajala. Halafu ikawa dua.”

Nasema mpaka leo, katika kambi nyingi nilizohudhuria na mawaidha yote niliyoyasikia, halikunigusa neno kama lile. Pipi zilikuwa mfukoni, na mkono ulikuwa juu ya paja.

Mzee alikaa chini kabisa, kwenye nyasi, tukalazimika kukaa naye.

“Sikilizeni,” alisema. “Kule kisiwani wanaovua dagaa wanarudi asubuhi wakati wengine wanaamka. Ningesema tungojane ndipo tule, nusu ya kisiwa ingekufa njaa na nusu ingekufa usingizi. Kila mwili una saa yake. Na mwili ni amana, Mwenyezi Mungu hakumpa mtoto huyu mwili wake ili auvunje kwa kunistahi mimi.” Akamgeukia Ustadhi. “Unataka kumwondoa kwa sababu yeye hawezi kukingoja chakula chetu. Kwa nini chakula chetu kisimngoje yeye?”

“Vipi, mzee?”

“Chakula kina mfunguzi, sivyo? Mfanyeni yeye. Sinia likishawekwa chini, na watu wakishanawa mikono, apime, ajichome, aseme bismillahi, ale. Asijichome kabla sinia halijatua mbele yake. Sisi tutamfuata. Akija mgeni, hata akija mfalme, atamkuta mtoto anakula.”

“Lakini adabu, mzee,” Ustadhi alisema taratibu. “Wadogo watajifunza nini?”

“Watajifunza kumngoja mgonjwa. Hiyo nayo ni adabu, tena ngumu zaidi.”

Nilimpigia muuguzi. Alitufokea kidogo, kwa haki, kisha akasema mpango ni mzuri. Mahali ambapo chakula hakina saa, alisema, ni salama zaidi achome sindano chakula kikiwa mbele ya macho, na siku za kukimbia sana akatuelekeza kiasi cha kupunguza. Akaongeza kuwa pipi hazina adabu: zinaliwa popote, msikitini, darasani, katikati ya dua. Nilimpa mtoto simu ili alisikie neno hilo kwa masikio yake mwenyewe.

Ustadhi alikubali, lakini alisema uamuzi wa mwisho ni wa mama mtu. Ilikuwa haki.

Chakula cha jioni kilikuwa cha kwanza. Watoto wote walimkodolea macho. Alinawa, akapima, akajichoma, akasema bismillahi kwa sauti ndogo sana, na hakuna aliyenyoosha mkono.

“Hatujasikia!” rafiki yake akapaza sauti. “Shehe wa sinia, ongeza sauti, tuna njaa!”

Akarudia, safari hii kwa sauti ya kuongoza kaswida, na mikono yote ikashuka kwa pamoja. Asubuhi jina lilikuwa limeshashika. Hakuna aliyemwita kwa jina lake tena, alikuwa Shehe wa Sinia, na wavulana waliochelewa kunawa walionywa, “Shehe anachoma, kimbieni!”

Binti yangu alifika kesho yake kabla ya adhuhuri kwa gari la kukodi. Alishuka na begi kubwa tupu la kufungia vitu vya mtoto. Hakuwa amelala, niliona. Alimkumbatia mwanawe, akampapasa kichwa, mikono, mgongo, kama anayenunua mbuzi.

“Kafunge vitu vyako,” alisema.

“Baada ya chakula, Mama,” mtoto alijibu. “Mimi ndiye nakifungua.”

“Unafungua nini?”

Sikumweleza. Nilimwambia tu, “Umetoka mbali. Kaa ule kwanza.” Hakukataa, kwa sababu kwetu kukataa chakula ni kutangaza ugomvi. Nikampa nafasi kwenye sinia la wasichana, upande wa pili wa jani la mgomba.

Sinia likatua. Binti yangu akanawa. Alikuwa na njaa, maskini, tangu jana hajaweka kitu tumboni. Akiwa amechoka na ana mawazo mengi, akanyoosha mkono akamega ndizi.

“Bado, Mama!” wasichana walipiga kelele kwa pamoja. “Bado! Hajafungua!”

Mkono wake ukabaki hewani. Alitazama sinia moja baada ya lingine, na kila alipotazama aliwaona watoto wa watu, wakubwa na wadogo, mikono mapajani, chakula kinafuka mbele yao, na macho yote yapo kwa binti yake. Binti yake alikuwa anasubiri kipimo kitoe namba, hana haraka. Akaisoma namba. Akatoa bomba la sindano, akageuka kidogo kwa kujistahi, akachoma. Akarudisha kila kitu mahali pake.

“Bismillahi,” alisema.

Binti yangu hakula mara moja. Alikaa ameshika lile tonge. Rafiki wa mtoto akamwambia, “Kula, Mama, sasa ruksa,” watoto wakacheka, naye akacheka, kisha akafuta macho kwa upande wa mtandio na kusema moshi wa jiko umemwingia. Jiko lilikuwa nyuma ya jengo.

Baada ya kula alizungumza na Ustadhi, akazungumza na yule rafiki kwa muda mrefu kuliko alivyozungumza na Ustadhi, akakagua friji yetu ya udongo na kuutia mchanga maji kwa mkono wake. Jua lilipoanza kuinama dereva alipiga honi. Nilimsindikiza. Begi lilikuwa kwapani, limekunjwa.

“Hajaja kuniaga,” alisema, akiangalia huku na huku.

Walikuwa wameshateremka chemchemini, kundi zima. Tulisikia sauti zao kutoka chini ya mibuni.

“Nimwite?” niliuliza.

“Amepima kabla ya kwenda?”

“Amepima.”

“Ana pipi?”

“Anazo. Na mwenzake anazo nyingine.”

Alisimama kidogo na mlango wa gari wazi, anasikiliza zile sauti. Kisha akasema, “Basi mwache,” akapanda, akaondoka peke yake.